Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa

Kosa linaloharibu takwimu nyingi za afya ya miamba ni hili: mpimaji anaona tumbawe jeupe, anaandika "limekufa". Sogea karibu. Lililopauka kwa joto bado lina ngozi laini inayopitisha mwanga, na ukitulia unaona vijimkono vyake vidogo vikijikunja. Hilo linaweza kupona maji yakipoa mapema. Lililokufa ni chokaa tupu, na baada ya siku chache huanza kuota mwani.

Upimaji wenyewe: tandaza tepu ya mita 50 kwa kufuata kina kilekile, andika kilicho chini yake kila sentimita 50. Nukta 100, kila nukta asilimia 1. Tepu ikilegea, mkondo unaiyumbisha na namba zinapotoka, kwa hiyo ishikize kila mita chache kwenye mwamba uliokufa, kamwe si kwenye tumbawe hai.

Na samaki wahesabiwe, tafadhali! Miamba ya Kenya imeonyesha wazi: kikande wakivuliwa kupita kiasi, wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu, ambao ni chakula chao, huzidi na kuukwangua mwamba hadi unamomonyoka. Pono nao hula mwani, wakiacha sehemu safi ambapo mabuu ya matumbawe hushika. Baada ya joto la 1998, lililoua matumbawe mengi ya pwani yetu, sehemu safi kama hizo ndizo zilizohitajika.