Mgongo wangu na mifuko ya simenti

Nilikuwa mwaka wa tano nikipakua simenti katika depo moja huku Birere, Goma, mgongo uliponigomea. Sikuwa nimebeba cha ajabu, ni mfuko uleule wa kilo 50. Saa moja asubuhi, baridi bado ipo, nilijikunja kuuokota chini, nikageuka nao kulia miguu ikibaki palepale. Kitu kama waya wa moto kikashuka kutoka kiunoni hadi kisigino. Wenzangu walinitoa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kama gunia la viazi.

Muganga wa viungo aliniuliza: mfuko unauokota wapi? Chini, nikamjibu, kwani kuna pengine? Akanieleza kwamba mzigo ulioshikwa mbali na tumbo unakilemea kiuno mara kadhaa kuliko uliokumbatiwa, na kwamba kuinama huku unajipinda ndiyo hatari kubwa. Tukiamka, visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo vimejaa maji vilivyonyonya usiku, kwa hiyo kazi ianze na vitu vyepesi. Kitandani nisikae, nitembee kidogo kidogo. Ule mkanda mpana niliokuwa nimenunua sokoni akausukuma pembeni: haujathibitishwa kumkinga mtu mzima wa afya, unampa ujasiri tu.

Halafu akanitajia kilo 23. Ndicho kipimo cha juu cha wataalamu wa usalama kazini wa Marekani kwa mtu mmoja, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, kwenye kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni. Mfuko wetu unapita mara mbili. Nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote nilidhani wanaoumia ni wavivu wa kukunja magoti.

Niliporudi nilimwomba patroni mbao za mikaratusi. Sakafu yetu ni mawe ya volkano, haiko sawa, kwa hiyo tulianza kwa kuisawazisha kwa changarawe. Tukapigilia uchaga wenye kimo cha goti, mifuko yote ikalala juu yake. Rundo likifika mabegani, tunaanza jipya. Mfuko wa kumpa mteja unavutwa hadi ukingoni, wawili wanaushika, wanageuza miguu kwanza ndipo kiwiliwili kifuate.

Ugumu ulikuwa malipo, maana tulilipwa kwa mfuko. Kijana mmoja aliniambia, “Yaya,” ndivyo huku tunavyomwita mkubwa wetu, “watu wawili kwa mfuko mmoja, nyumbani tutakula nini?” Alikuwa na haki, na mimi sikuwa na jibu. Tulibishana siku nne. Mwishowe tukakubali kuhesabu kamyo nzima, yaani lori zima la simenti, na kugawana malipo sawa, na patroni akakubali kwa sababu mifuko inayopasuka ilipungua. Kamyo ya kwanza ilitukalia hadi jioni; kufika wiki ya tatu tulimaliza saa ileile ya zamani.

Imebaki ngazi ya nyuma, vidato tisa vyembamba kwenda stoo ya juu. Wawili hawapiti pale. Nimemwomba patroni kapi na kamba, naye bado anapiga hesabu.