Ukuta wa ufukweni Katonga, Kigoma: nimeacha kuziba nyufa, tunaubomoa

Septemba, wiki ya pili. Leo nimekubali, ukuta wa mzee haurekebishiki tena. Naandika nilivyofika hapa maana miaka mitatu nimemwaga saruji bure.

Ni ukuta wa mawe, mita 18, mzee aliujenga 1994 na enzi hizo maji yalikuwa mbali, tulicheza mpira kati ya ukuta na ziwa. Halafu Tanganyika ikapanda, 2020 na 2021 kisha 2024 tena, watu wa Kibirizi na Ujiji wanajua, na ziwa hili linatoa maji sehemu moja tu, mto Lukuga kule Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo halishuki haraka. Mawimbi ya kusi yakawa yanapiga ukuta wenyewe. Kila ufa ukitokea naita fundi anaziba, na mmoja akapiga plasta mpaka kwenye yale matundu ya paipu mzee aliyoyaacha chini, nikamlipa nikijua kazi imeisha. Kumbe yale matundu ndiyo yalikuwa yanatoa maji ya mvua ya uani, ukiyaziba udongo unakunywa masika yote unakuwa mzito unausukuma ukuta ziwani. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye mawimbi.

Machi nilianza kupima badala ya kubahatisha. Nikaning'iniza timazi, ule uzi wenye uzito chini, kutoka juu ya ukuta upande wa ziwa, nikapima kwa mita moja kwenda chini: uzi umeachana na ukuta sentimita 4. Mwisho wa Mei, 7. Kwenye ufa mkubwa niliweka kibandiko chembamba cha saruji nikaandika tarehe, kabla masika haijaisha kikakatika katikati. Ufa mwembamba usiotembea haunisumbui, huu ulikuwa unatembea.

Agosti nyasi karibu na mwembe zikabonyea nilipokanyaga, nikafukua nikakuta shimo mkono mzima unaingia. Nikamwaga ndoo mbili za maji nikakimbia upande wa ziwa. Dakika chache tu, maji ya udongo yakatoka chini ya jiwe la kwanza yakachora mstari mwekundu kwenye maji safi. Niliumia sana kuuona ule mstari, ni uwanja wa mama huo unaondoka.

Leo maji yameshuka kidogo, nikaja na fundi mzee wa hapa jirani. Akachukua nondo ya milimita 12 akaipenyeza chini ya msingi, ikaingia sentimita 60 bila kugonga kitu, akajaribu sehemu nne, tatu zote hivyo hivyo. Akasema, "Kijana wangu, huu umeliwa miguu, juu utaziba mpaka lini?"

Basi. Mpya utashuka chini zaidi ya pale mchanga unapoliwa, mawe makubwa tutayapanga mbele ya msingi, nyuma tunajaza kokoto na matundu yanabaki wazi, hapo sitaki ubishi na fundi yeyote. Jumatatu naenda halmashauri na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, maana sheria ya mazingira ya 2004 inabana shughuli ndani ya mita 60 kutoka ziwani na sichimbi hata koleo moja kabla sijaruhusiwa. Mama ameshahamisha banda la kuku.