Muscat: joto, amonia na mzee wa mishkaki

Joto nilishaonywa. Unyevu hakuna aliyenitajia. Nilipotoka tu mlangoni uwanja wa ndege wa Muscat, Oman, saa nane usiku, miwani yote ikaingia ukungu. Nikafuta, ikaingia tena. Nikaivua nikaitia mfukoni, nikamfuata dereva kwa kufuata shati lake jeupe.

Kwa msionijua: mimi ni fundi wa ubaridi, kiwanda cha minofu ya sangara, Mwanza. Kampuni imenileta huku kwa miezi kadhaa nikae kwenye kiwanda cha samaki nijifunze mitambo ya ubaridi inayotumia amonia, maana ya aina hiyo inakuja kufungwa kwetu. Mke wangu alidhani naenda kula bata Uarabuni. Nimemtumia picha ya ovaroli yangu saa nne asubuhi, imelowa chapachapa.

Ndani ya chumba cha kuhifadhia samaki waliogandishwa hakuna ugeni, nyuzi 18 chini ya sifuri ni zile zile. Shughuli iko juu ya paa. Joto unalolitoa kwa samaki lazima ulitupe mahali, na kwetu Mwanza kondensa inalitupa kwenye hewa ya nyuzi 28 hivi, kazi rahisi. Hapa mwezi huu wa Juni hewa yenyewe imeshavuka 40. Presha ya amonia inapanda, kompresa inayoisukuma inakula umeme, kila mtu anatazama geji. Ndiyo maana kondensa zao zinamwagiwa maji muda wote. Maji nayo yakikauka yanaacha ukoko mweupe kwenye mabomba, na ukiuachia huo ukoko joto halitoki tena. Kuna kijana wa Kerala, India, ambaye kila siku anapima maji hayo na kuyatia dawa, na nasema kweli, amenifundisha kuliko injinia aliyepangiwa kunifundisha.

Kingine kilichonifurahisha: kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, sheria inakataza kumfanyisha mtu kazi juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu. Kazi za paa tunazimaliza asubuhi na mapema. Kwetu ningeambiwa panda, kofia si unayo?

Mengine nayapita haraka. Magari yanapita upande wa kulia wa barabara. Nyumba ni nyeupe na fupi, mkitarajia maghorofa ya Dubai mtasubiri sana. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni kazini, hivyo sisi Wakatoliki tunasali Ijumaa huko mtaa wa Ruwi, tumebanana na Wahindi na Wafilipino. Halafu hela: riali moja ina baisa 1,000. Ukisikia chakula ni "mia nane" usichekelee, hiyo ni zaidi ya shilingi elfu tano za kwetu.

Kiwandani watu wa mezani kwenye samaki wengi ni Wabangladeshi na Wahindi, Waomani wako ofisini na stoo. Mimi hawakujua wanipange wapi. Mmoja aliniita Msudani, mwingine akasema Msomali. Nami nilikuwa nimejiandaa kuishi kwa Kiingereza cha kuungaunga na ishara za mikono, hadi siku niliyokuwa nanung'unika peke yangu stoo kwamba spana yangu imepotelea wapi, na mtunza stoo, kanzu na kofia yake ya Kiomani, akanijibu bila kuinua macho: "Ipo hapo chini ya kiti, bwana." Tangu hapo naogopa kusengenya.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye mishkaki. Wanachoma jioni kando ya barabara, makaa mekundu, nyama ndogondogo, pembeni rojo ya ukwaju. Kwenye kiti cha plastiki alikaa mzee mmoja. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Watoka Unguja?"

"Hapana mzee, Mwanza."

"Aa, bara." Akanyamaza kidogo. "Sasa Darajani pale vipi? Soko lipo?"

Mimi Zanzibar nilikwenda kwa semina tu, nikalala hotelini, nikapanda boti nikarudi. Lakini yeye ananiuliza kama nimetoka huko leo asubuhi: soko, karafuu, barabara ya Malindi. Aliondoka akiwa mtoto, baada ya Mapinduzi ya 1964, akazungukazunguka nchi za watu, akafika Muscat baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani warudi. Nyumbani kwake bado Kiswahili, ila wajukuu wanasikia tu, wakijibu wanajibu Kiarabu. Hilo ndilo linalomuuma, naona, kuliko habari za mali zilizobaki.

Kuhusu 1964 sikusema kitu. Shuleni nilifundishwa upande mmoja, yeye amebeba wake tangu utotoni, na mimi ni mgeni niliyealikwa nyama. Akakataa nisilipe.

Ameniambia nirudi Alhamisi. Nimeshamwomba binamu wa mke wangu aliyeko Unguja apite Darajani na simu yake apige picha, za sokoni hasa, mpaka kwenye samaki. Ameuliza nani atamlipia bando.