Nilivunjika mguu nikiwa kwenye methadoni

Nilikuwa nimetimiza miaka miwili na miezi minne bila unga, yaani heroini, nikinywa kila siku kliniki methadoni, dawa ya kuwasaidia walioiacha, siku nilipoteleza kwenye ngazi na kuvunjika mfupa wa muundi. Niliusikia ukilia kabla sijasikia maumivu. Nikiwa bado nimelala pale chini, wazo la kwanza halikuwa mguu. Niliwaza: watanipa dawa gani, na mimi nitawaambia nini?

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mwaka mmoja nyuma niling'olewa jino. Daktari akauliza kama kuna dawa ninazotumia, nikasema hakuna. Aibu ilinifunga mdomo. Akaniandikia tramado, vidonge kumi na tano vya siku tano, naye hakuwa na namna ya kujua kwamba nilikuwa nimeacha unga. Tramado ni ya ukoo mmoja na kile nilichokuwa nimekiacha, na ikizidishwa huweza kuleta degedege. Vidonge vyote viliisha usiku wa pili. Jino lenyewe lilikuwa limeshapoa. Nilikuwa nikiukimbiza ule utulivu wa zamani, na wala haukuja. Nilimfuata mshauri wangu wa kliniki nikamweleza yote huku nalia, na zilipita wiki kadhaa kabla sijaweza kutazama kidonge chochote bila moyo kwenda mbio.

Katika tukio lile nilijifunza kitu kisicho sahihi. Niliapa kwamba sitameza tena dawa kali ya maumivu, liwalo na liwe. Nilidhani huo ndio ushujaa wa mtu aliyeacha.

Basi nilipofikishwa wodini siku ile ya Alhamisi jioni, nilimwambia nesi wa zamu, "Dada, mimi nipe parasetamo tu." Akashangaa, kwa sababu mguu ulikuwa umepinda. Sikumweleza sababu. Usiku huo nilitafuna shuka. Ijumaa asubuhi, saa moja, saa yangu ya kunywa methadoni kliniki, ilinikuta nimefungwa banzi kitandani nikisubiri upasuaji. Kufikia usiku wa pili arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, ilikuwa imeanza: miayo mfululizo, mafua, jasho la baridi, nywele zinasimama, na miguu haitaki kutulia. Mguu mmoja kati ya hiyo miguu ulikuwa umevunjika. Anayeijua arosto ataelewa maana ya kutingisha mfupa uliokatika bila kutaka.

Saa tisa usiku nilikuwa nimeshika simu. Namba ya yule aliyekuwa akiniuzia nilikuwa nimeifuta zamani, lakini kichwa hakikuwa kimeifuta. Niliandika tarakimu zote, ikabaki kubonyeza tu. Nataka hili lieleweke vizuri: hadi dakika ile hakuna dawa kali iliyokuwa imenigusa. Kilichonifikisha pale ni maumivu yaliyoachwa bila kutibiwa, pamoja na dozi niliyokosa, pamoja na ukimya wangu.

Nikampigia dada yangu. Akaja alfajiri, akanikuta natetemeka, akaniuliza neno moja: "Umewaambia?" Nikatikisa kichwa. Alinishika mkono na kusimama pembeni mpaka daktari alipopita, nami nikasema yote mbele yake: nilitumia heroini miaka sita, niko kwenye methadoni miligramu 80 kwa siku, nimekosa dozi ya jana, na ninaogopa dawa zenu kama ninavyoogopa maumivu.

Haikupokelewa vizuri na kila mtu. Mhudumu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wa aina yangu wanakuja kutafuta dawa tu. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini daktari alivuta kiti. Akapiga simu kliniki akathibitisha dozi yangu na saa niliyokunywa mara ya mwisho, maana hospitali haiwezi kukupa methadoni kwa neno lako pekee. Ukikosa siku kadhaa mwili unapoteza uzoefu, na dozi yako ya kawaida inaweza kukusimamisha pumzi. Mimi nilikuwa nimekosa moja tu, kwa hiyo nilirudishiwa yote siku ile ile.

Nilimwuliza swali ambalo naamini wengi wetu tunalo: kama methadoni ni dawa ya ukoo wa mofini, na ninainywa kila siku, mbona mguu unauma hivi? Alinieleza kwamba dozi moja huzuia arosto kwa siku nzima au zaidi, lakini uwezo wake wa kutuliza maumivu huisha baada ya saa nne hadi nane. Zaidi ya hapo, miaka ya kutumia huifanya mishipa ya fahamu kuwa mikali. Watu walio kwenye methadoni wakiombwa kutia mkono kwenye maji ya barafu huutoa mapema kuliko wengine. Nilipata faraja ambayo siwezi kuieleza. Miaka yote nilijiona mlegevu, kumbe mwili wangu unauma zaidi kwa kweli.

Mpango wao ulikuwa wa tabaka juu ya tabaka. Parasetamo gramu moja kila baada ya saa sita kwa kufuata saa, hata kama haijauma, bila kuvuka gramu nne kwa siku. Ibuprofeni pamoja na chakula, baada ya kuhakikisha figo na tumbo langu viko salama. Upasuaji wenyewe kwa ganzi ya uti wa mgongo, kisha sindano ya ganzi kwenye neva ya mguu ambayo ilinipa karibu usiku mzima wa amani. Methadoni wakaigawa mara tatu kwa siku badala ya mara moja, kiasi kile kile, ili inisaidie na kwenye maumivu. Juu ya yote hayo, mofini ya kawaida kwa siku chache, kwa kipimo kikubwa kuliko cha mgonjwa mwingine kwa sababu mwili wangu umeizoea, huku nesi akihesabu pumzi zangu. Nilipewa mofini nikiwa na miaka miwili ya kuacha, na sikurudi kwenye unga. Ningeambiwa hivyo kabla, nisingeamini.

Wenzangu walio kwenye buprenofini, nayo dawa ya kusaidia kuacha kama methadoni, nao husikia ushauri wa kuiacha kabla ya upasuaji. Madaktari wengi sasa huiendeleza na kuigawa mara tatu au nne, na kuongeza dawa nyingine juu yake, usiiache mwenyewe. Anayetumia naltreksoni ana habari tofauti kabisa. Hiyo huziba mlango wa mofini, kidonge kwa siku mbili tatu na sindano kwa takriban mwezi, kwa hiyo daktari wa upasuaji lazima ajue mapema. Kujaribu kuishinda nguvu kwa kumeza dawa nyingi kunaua.

Kazi ngumu ilianza nyumbani. Niliruhusiwa na vidonge vya mofini vya siku tano. Niliomba mbele ya daktari viandikwe kwa jina langu lakini akabidhiwe dada. Akaviweka kwenye kisanduku chenye kufuli, ufunguo shingoni mwake, na kila saa iliyoandikwa alileta kidonge kimoja na maji, akasubiri nimeze. Tulihesabu pamoja kila jioni. Kliniki ilimpa pia naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi, na kumfundisha dalili zake: pumzi za taratibu mno, mkoromo usio wa kawaida, midomo ya samawati, mboni za macho kuwa kama ncha ya sindano. Ilimtoa machozi kujifunza hayo kwa ajili ya kaka yake, lakini alijifunza.

Mshauri wangu aliniagiza niwe na daftari. Kila nilipotaka kidonge kabla ya saa yake, niandike kwanza: saa ngapi, panauma wapi, ni namba ngapi kati ya sifuri na kumi, na nilikuwa nikifanya nini kabla. Siku ya kwanza niliona ni kupoteza wino. Siku ya tatu nikasoma nyuma nikashtuka. Maumivu ya asubuhi yalikuwa na mahali: chini ya goti, upande wa nje, yakichoma nikijaribu kukanyaga, na yalipungua nikiinua mguu juu ya mito. Yale ya saa tatu usiku hayakuwa na mahali. Nilikuwa nimeandika "mguu wote" na "mwili mzima," tena "sijui." Na kila mara safu ya mwisho ilisema kitu kile kile: dada ametoka, niko peke yangu.

Hayo hayakuwa maumivu ya mfupa. Sisemi yalikuwa ya uongo, maana yalinitoa jasho kweli, ila dawa yake haikuwa kwenye kisanduku. Tulianza kupanga saa tatu: mwenzangu wa kikundi cha walioacha alinipigia simu kila usiku saa hiyo, na tukazungumza mpaka dada anarudi. Siku ya nne nilichukua kidonge kimoja tu. Siku ya tano sikuchukua. Vilibaki vinne, dada akavirudisha duka la dawa siku iliyofuata, kwa sababu vidonge vilivyobaki ndani ya nyumba ya mtu kama mimi huwa vinaita kwa jina.

Jambo moja zaidi kuhusu vyeti vya dawa. Wiki ya tatu kidonda kiliota usaha, nikaandikiwa siprofloksasini. Nilikwenda nayo kliniki kabla ya kumeza, na mfamasia akaizuia: inaweza kupandisha methadoni mwilini, na zote mbili huvuruga mdundo wa umeme wa moyo. Nikapimwa moyo, nikabadilishiwa dawa. Papo hapo nikamkumbuka mwenzetu aliyeanza dawa za kifua kikuu akashikwa na arosto kali kwa wiki nzima, akidhaniwa ameanza tena kutumia, kumbe rifampisini ilikuwa inafanya ini limalize methadoni yake haraka. Alihitaji kuongezewa dozi, akapewa lawama. Tangu hapo kila cheti changu, hata cha mafua, hupita kwanza kwa mfamasia wa kliniki. Dawa za usingizi na za wasiwasi za jamii ya diazepamu nazikataa bila kuuliza mara mbili, maana zikikutana na methadoni hupunguza pumzi.

Sasa natembea bila fimbo. Bamba la chuma limo mguuni, na daktari wa mifupa anasema litatolewa mwakani. Nimeshaandika karatasi ya kumpa: dozi yangu, simu ya kliniki, kilichonisaidia, dawa nisizotaka kuondoka nazo mkononi. Jana dada aliniuliza kama akigawe kile kisanduku. Nikamwambia akitunze, pamoja na ufunguo wake.