Kikaango, Karai na Konzi ya Unga: Majuma Mawili Yerusalemu

Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Ben Gurion haikuchukua hata nusu saa. Stesheni ya Yitzhak Navon imechimbwa chini kiasi cha mita 80, kwa hiyo ukishuka ni kupanda ngazi za umeme moja baada ya nyingine, mpaka baridi ya Yerusalemu inakupiga usoni. Begini nilikuwa na daftari la maswali kuhusu sura ya pili ya Mambo ya Walawi. Mimi ni mpishi wa shughuli, Tanga. Sura ile ya sadaka za unga imenishika tangu utotoni, maana ndani yake Mungu anazungumza habari za kikaango.

Darasa lilikuwa la wanawake, na tulisoma Menahoti, kitabu cha Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, kinachohusu sadaka hizo. Wanasoma wawili wawili, kwa sauti, chumba kizima kikivuma kama madrasa ya kwetu alasiri. Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Yemeni. Tulielewana kwa Kiingereza, ila nilimwita mama, naye akapenda.

Tulianza na vyombo. Torati inataja sadaka ya mahavati na ya marheshethi, na marabi wanauliza: zinatofautianaje? Rabi Yose wa Galilaya anasema marheshethi ina kifuniko na mahavati haina. Rabi Hanina ben Gamlieli anasema marheshethi ina kina, na kilichomo hutikisika. Mahavati ni bapa, na kinachopikwa humo huwa kigumu. Moyo wangu ulikuwa kwa Rabi Hanina papo hapo. Aliyewahi kusimama mbele ya karai la maandazi, kisha akageukia kikaango cha chapati, anajua kwamba ni mikono miwili tofauti.

Na tofauti hiyo si ya jikoni tu. Mtu akiweka nadhiri, "Juu yangu sadaka ya kaangoni," yaani ya mahavati, kisha akaleta ya chombo chenye kina, Mishna, ile sehemu ya Talmudi yenye sheria zenyewe, inasema alicholeta amekileta, lakini nadhiri yake bado anadaiwa. Akiwa ameutenga unga wenyewe na kusema, "Huu utaletwa kaangoni," halafu akabadilisha chombo, sadaka imebatilika kabisa. Siku mbili nzima tulikaa hapo. Kwenye nadhiri ya kwanza neno lilimfunga mtu. Kwenye ya pili liliufunga unga. Nilipoelewa hilo nilifunga daftari, nikatoka nje kupumua.

Ijumaa asubuhi mama akanialika kwake. Alikuwa anapika lahuhi, mkate wa Kiyemeni uliojaa vitundu juu, nami nusura niuite kibibi. Nikamwomba kikaango. Nikakanda unga wa ngano kwa maji na mafuta, bila hamira, kwa kuwa sadaka hizi karibu zote hazikuruhusiwa chachu. Chapati ikaiva, nikaivunja vipande, nikatia mafuta tena, kisha nikajaribu konzi ya kuhani, yaani kile anachochota kwa mkono kutoka kwenye sadaka, kama Gemara, mjadala wa marabi juu ya Mishna, inavyoeleza: vidole 3 vinakunjwa juu ya kitanga, gumba linafuta ziada upande mmoja, kidole cha mwisho upande wa pili. Vipande vikamwagika. Nikarudia mara nne. Marabi wameihesabu miongoni mwa kazi ngumu za Hekaluni, na mkono wangu uliozoea unga miaka mingi unashuhudia. Tena hata kokoto au chembe ya chumvi ikiingia kwenye konzi, imebatilika.

Juma la pili lilikuwa la mafuta na ubani, na hapo palinichoma. Sadaka nyingi zinataka vyote viwili. Ile iendayo na divai ya kumiminwa ina mafuta bila ubani. Mikate 12 ya wonyesho ina ubani bila mafuta. Mikate miwili ya Pentekoste haina hata kimoja, wala sadaka ya mke anayetuhumiwa na mumewe, wala ya mkosaji asiyeweza kumudu hata ndege wawili. Rabi Shimoni anaeleza kuhusu huyo mkosaji: ili sadaka yake isipambwe. Nilimwambia mwalimu kwamba maskini huyu ananyimwa hata harufu. Hakunijibu siku hiyo.

Siku ya mwisho akafungua mbele kabisa, ukurasa wa 104. Rabi Isaka anauliza kwa nini kwenye sadaka ya unga Torati haikusema "mwanadamu," ikasema *nefeshi*. Nani, anauliza, huleta unga? Maskini. Basi Mungu anasema: namhesabia kana kwamba ametoa *nefeshi* yake mbele yangu.

Wenzangu waliokuwa wakifuata kwa Kiingereza waliinamia tafsiri. Mimi sikuihitaji. Nilikuwa nimesikia: nafsi. Nikamwomba mwalimu asome tena, na akasoma.