Mnatoka kanisa gani?

Mara ya kwanza tunaenda kuzibua mtaro Mabatini, hapa Mwanza, tulikuwa watu kumi na moja, makoleo manne, reki mbili na toroli la kuazima, na kabla hata mtu hajainama mwenyekiti wa mtaa akasema jamani tusianze hivi hivi, mmoja wenu atuombee. Kimya. Mimi nikamwangalia mwalimu, mwalimu akaangalia gambuti zake, dada mmoja ambaye ni nesi akaanza kutafuta glovu ambazo tayari alikuwa amezivaa. Watu wazima kumi na moja hamna hata mmoja wa kuomba, na mwenyekiti kofia ameshavua, mikono ameshaikunja mbele, anatusubiri.

Si unajua kwetu, kikao cha harusi kinafunguliwa kwa dua, mkutano wa vikoba dua, hadi mechi ya mchangani watu wanashikana mikono kwanza. Aliyetuokoa ni mzee mmoja muuza kahawa, akapiga dua yake fupi ikaisha, halafu mama mmoja jirani akasema haya na sisi tumalizie ya kwetu, akaomba kama dakika tano hivi, akamkemea shetani wa mafuriko kwa sauti mpaka mbwa wakaanza kubweka. Ndo tukaanza kazi.

Kwa asiyetujua, sisi ni kikundi tu cha watu wasio na dini hapa Mwanza, tulikutana kwenye magrupu ya WhatsApp tukaanza kuonana kwa chai. Wengi tulizaliwa ndani ya dini, mimi nimebatizwa, kipaimara nimepata, na nimezaliwa Bugando, hospitali ya maaskofu, kwa hiyo siwezi kukaa hapa nikasema makanisa hayajafanya kitu. Wawili walikuwa Waislamu. Mmoja anasema kwao hawakuwahi kwenda popote, bibi yake alikuwa anatambikia wazee wake basi imeisha. Mtaani jina letu ni moja tu, wapagani. Wenzetu wa nje wanajiita wahumanisti, umoja wao ulianzia Amsterdam 1952 na wana hadi siku yao, Juni 21, ila sisi tukisema utu inatosha, kila mtu anaelewa bila kufundishwa.

Tuko wangapi nchi hii hamna anayejua, sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ile ya 1967. Ukivuka ziwa upande wa Uganda wamefika mbali, wana shule zao za kihumanisti, kuna Masaka, kuna ile ya Kasese iliyoanza 2011, watoto wa dini zote wanasoma humo. Sisi bado tuko kwenye mtaro.

Na mtaro wenyewe niwaambie. Mabatini nyumba zimepanda mlima juu ya mawe, mvua ikipiga maji yote yanashuka na kila kitu walichotupa watu wa juu, yanaingia mto Mirongo, Mirongo unakata katikati ya mji mpaka ziwani, na ziwa hilo hilo ndo tunavuta maji ya kunywa. Juu kabisa unakuta pampasi na chupa za energy. Ukichimba kidogo kuna tope jeusi na vile vimifuko laini vya karanga na barafu. Ukienda chini zaidi, kama koleo mbili hivi, koleo linaanza kukataa, linanasa, ukivuta unatoa rambo, rambo lenyewe la bluu la zamani, mengine nyeusi, yameshikana kama mkeka. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na bado iko pale chini inatusubiri. Nilitoa moja bado ina mchoro wake unasomeka vizuri kabisa, nikakaa nayo kidogo nikajiuliza mwenye kununua nyanya na mfuko huu yuko wapi leo.

Tulifanya kazi hadi saa sita. Yule mzee wa kahawa alianza kuimba ule wimbo wa kulimia wa bugobogobo, vijana wa kijiweni wakaja kucheka, wawili wakabaki wakashika reki, na ghafla kazi ikawa nyepesi. Kulima kwa kundi, huyu leo kesho yule, Wasukuma wameanza zamani sana, hamna padri wala shehe aliyewafundisha. Huwa nalikumbuka hilo mtu akiniambia kujitolea ni kitu cha watu wa Mungu.

Sasa swali. Kila aliyepita alikuwa na swali lile lile, "mnatoka kanisa gani?" Mama wa dagaa kauliza, mwenyekiti kauliza, mtendaji kauliza, hata mtoto wa darasa la pili kauliza. Mimi nikawa najibu "tunatoka Nyakato". Jibu la kijanja, Nyakato ni eneo tu la hapa mjini, watu wanacheka, wanapita. Mwalimu alikuwa anasema sisi ni raia tu. Kufika jioni kijiwe cha bodaboda kilishatoa hukumu kwamba hawa ni Frimasoni, wanachimba mtaro wapate nywele na kucha za watu wakazifanyie kazi. Ila mafuriko yamepungua hapo mtaani, hata wao wanasema.

Mara ya pili ndo tukakutana na bibi. Anakaa jirani kabisa na mtaro, chumba kimoja, anapikia kwenye mafiga matatu, moto wa maranda na vipande vya mbao, ndani moshi umetanda mpaka ukuta una rangi ya chai. Macho yake mekundu kabisa. Mtu wa kanda hii akiona macho yale anajua ninachotaka kusema, vijijini kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho hayo, wanaambiwa wachawi, kumbe ni miaka hamsini ya moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe. Niliwahi kusoma kwamba wahumanisti wa Marekani, Foundation Beyond Belief, walipeleka watu wa kujitolea kaskazini mwa Ghana kusaidia wanawake waliofukuzwa vijijini kwao kwa tuhuma hizo hizo za uchawi. Nikasoma nikasema mbona hapa kwetu hatujaanza, na mimi mwenyewe ni wa hapa.

Yule nesi akamwangalia macho, akamwelekeza kliniki ya macho na siku ya kwenda akamsindikiza. Sisi wengine tukachanga tukamtafuta fundi wa majiko ya udongo, yale yenye bomba la kutoa moshi nje, na tukamtobolea dirisha ambalo nadhani mwenye nyumba hajatusamehe mpaka leo. Siku jiko limekauka bibi akawasha, akakaa, akatazama moshi unatoka nje kupitia bomba, hakusema kitu muda mrefu. Halafu akainuka akatushika vichwa mmoja mmoja akatuombea. Kisukuma kwanza, mwabeja sana, mwabeja, yaani asanteni, halafu Kiswahili, Mungu awape watoto, Mungu awape maisha marefu, semeni Amina.

Mimi nikasema Amina. Mwenzetu mmoja, kijana mdogo na ana akili nyingi sana, akasema "bibi, sisi hatuamini hayo, tumekusaidia kwa sababu ya utu tu". Bibi akamwangalia kama mtu aliyekataa chakula chake.

Grupu iliwaka mpaka saa saba usiku. Kijana anasema mimi ni mnafiki, nimesema neno nisiloliamini. Mimi nikamwambia bwana, bibi hajakuuliza unaamini nini, amekupa kitu pekee alichonacho, unapokea kwa mikono miwili unasema asante, na asante ya pale inaitwa Amina. Hilo mpaka leo sijabadilika, na mtu akija nyumbani kwako hana kitu akakuletea maji ya kunawa hutamwambia yana chumvi.

Ila nesi akanigeuzia kibao. Akaandika, "kwa bibi sawa kaka, lakini mwenyekiti alikuuliza kabisa ukasema tunatoka Nyakato. Ile ilikuwa heshima au woga?" Nikaweka simu chini.

Kwa sababu ulikuwa woga, nakubali. Naogopa mama yangu kusikia kwa watu, naogopa dili za kazi, naogopa hao wa kijiweni. Na ukifikiri vizuri, sisi wenyewe tunalalamika kila siku watu wanadhani asiye na dini hana huruma, sasa watajuaje kama tukishika koleo tunajificha? Kuna waliotaka tuchapishe tisheti, mimi tisheti nimekataa, nimeona wanasiasa wengi na fagio moja jipya na wapiga picha sita, sitaki bibi ageuke tangazo letu. Tukakubaliana hivi, hatutangazi, ila ukiulizwa unajibu ukweli.

Nikaulizwa mimi. Mwezi uliopita, mwenyekiti yule yule, tumekaa kwenye jiwe tunakula mihogo, akaniambia kijana mimi nimekuwa mvumilivu, leo niambie, mnatoka kanisa gani au msikiti gani. Nikamwambia mzee, hatuna. Hatusali. Akaacha kutafuna. "Wote?" Wote. Akatazama mtaro, akatazama nyumba ya bibi, mi nikawa nasubiri shetani, Frimasoni, sijui nini. Akauliza, "Sasa mkifa nani anawazika?"

Na hilo ni swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa, maana mjini hapa anayekuzika ni jumuiya yako, hao ndo wanakuja na maturubai na sufuria. Sikuwa na jibu, nikasema tu, mzee si wewe upo, na hawa wa mtaro.

Akacheka mpaka akapaliwa na muhogo. Akasema basi andikeni majina yenu kwenye daftari la misiba la mtaa, mchango ni elfu mbili mbili kila mwezi, msije mkafa mnadaiwa. Tumeandika kumi na moja wote, hata yule kijana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunarudi, saa moja asubuhi, safari hii sehemu ya chini karibu na daraja. Toroli limepasuka tairi, mwenye la kuazimisha tunaomba.