Kusamehe ni wapi hapo?

Tangu Jumanne kuna neno moja linanizunguka kichwani na wala si neno gumu, ni "haya" tu. Ile haya ya mtu mzima akishaona hakuna haja ya kuendelea kuongea na wewe. Nimeisikia naoga, nimeisikia kwenye daladala, jana wazee wako sebuleni na bahasha yao mi niko uani nakuna nazi bado naisikia. (Ndiyo, mahari ya mdogo wangu imepokelewa, alhamdulillah, picha mmeshaziona.)

Ni ile kazi ya maktaba ya chuo niliyowaambia mwezi uliopita, mfumo wa kuazimisha vitabu. Mi kazi yangu ni mahitaji, yaani naenda nauliza watu wanataka mfumo ufanye nini, narudi naandika, na madevelopa wanajenga nilichoandika na si kingine. Nikiacha kitu hakijengwi. Nikikiandika vibaya kinajengwa vibaya, afu tunakuja kukigundua siku ya makabidhiano wakati pesa imeshaisha.

Jumanne ilikuwa siku ya kuwasomea rasimu. Chumba cha nyuma cha maktaba, projekta, pazia halizibi jua vizuri. Yuko mkutubi mkuu, yuko mhasibu, yuko kijana wa kompyuta wa chuo, na pembeni kabisa karibu na mlango kakaa yule mama wa kaunta, miaka 22 yuko kwenye ile kaunta, alisomea ukutubi Bagamoyo, na alikaa karibu na mlango ili mwanafunzi akija asikie.

Nilienda na kurasa 40, mahitaji 61, kila moja na namba yake. Na nilikuwa nimeifanya kazi jamani. Mfano hili la kitabu na nakala. Mwanafunzi anasema naomba kitabu cha uhasibu, ila kinachotoka mlangoni ni nakala, na maktaba ina nakala saba za kitabu hichohicho, moja haina jalada, moja ni ya kusomea mlemle ndani haitoki, moja haijaonekana tangu mwaka juzi. Ukimwandikia developa "kitabu kimeazimwa" bila kutofautisha, mtu mmoja akichukua nakala moja mfumo utasema zote saba hazipo. Na ISBN, ile namba ya kitabu inayotambulika dunia nzima, haikuokoi hapo kwasababu nakala zote saba ISBN yao ni moja, halafu vitabu vingi vya zamani pale rafuni havina ISBN kabisa, vingine vina ile ya tarakimu 10 ya kabla ya 2007, vipya vina 13. Kwahiyo nikaandika kila nakala ijulikane kwa namba yake ya usajili, ileile wanayoiandika kwenye daftari kubwa siku kitabu kinapoingia. Mkutubi mkuu akatikisa kichwa akasema wewe binti umetuelewa. Nilifurahi mno, na nadhani ile furaha ndo ilinifanya nisisikie vizuri kilichofuata.

Tukafika namba 27, faini. Nimeandika hivi: mfumo utakokotoa faini ya kila nakala iliyochelewa, kwa kila siku ya kazi iliyopita, na utatoa kontrol namba ya malipo. Mhasibu akaipenda sana, na ana haki, kila mwaka wakaguzi wanamkalisha chini kwasababu faini za kwenye daftari na pesa zilizofika benki haviongei lugha moja, na yeye ndo anayeulizwa, si mwingine.

Yule mama akanyoosha mkono. Miaka 22 pale halafu ananyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani mwanangu. Na kusamehe ni wapi hapo?"

Nikamwambia, "Kusamehe nini mama?"

"Faini. Mtu amekuja, nimemsamehe. Nabonyeza wapi?"

Mi macho yangu yako ukutani, wala sikumgeukia. Nikasema, "Hiyo haimo mama. Mfumo unahesabu wenyewe, hausahau."

Mhasibu akacheka kidogo, kicheko cha kuridhika. Mama akasema, "Haya." Akaifunika kalamu yake, ile bic nyekundu, akaibonyeza kifuniko mpaka kikalia "ta", na hakusema tena neno mpaka mkutano unaisha. Mahitaji 34 yalikuwa yamebaki. Hakuna hata moja aliloulizia.

Sasa hapo ndo ninapozunguka. Yeye kauliza kusamehe, mi nimemjibu kusahau. Hata mtoto wa chekechea anajua hayo si neno moja. Na nililisema lile "hausahau" kwa majivuno, kama sifa, wakati aliyekaa mbele yangu ni mtu ambaye naye hakuwahi kusahau hata nakala moja, anasamehe huku anakumbuka. Nimejijibu upya kila namna. Ningesema "nielezee mama." Ningesema "unasameheje?" Maneno mawili tu. Kazi yangu yote ni hayo maneno mawili, ndo ninayolipwa kuyauliza, na siku yalipohitajika sikuwa nayo.

Ule mwongozo wa kuandika mahitaji wa IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi) tunaofuata, 830 wa mwaka 1998 (umesharithiwa na mwongozo mwingine, 29148, ila kiolezo cha ofisini kwetu bado ni kilekile), unataka hitaji liwe sahihi, lisibebe maana mbili, liweze kupimwa, na kwa ujumla wake mahitaji yawe kamili. Namba 27 unaweza kuipima vizuri tu, chelewesha siku tatu, toa moja ya sikukuu, unapata faini ya siku mbili. Sahihi ni sahihi. Kamili ndo haikuwa, na aliyeliona hilo ni mtu mmoja tu mle chumbani nami nikamnyamazisha.

Jumatano usiku usingizi hauji, nikafungua Koha, mfumo wa maktaba uliokwishatengenezwa, ile ya majaribio niliyoiweka kwenye laptopu. Najua mtaniuliza tena kwanini hawachukui Koha na yamekwisha, ni ya bure na vyuo vingi wanaitumia. Nilishawajibu, hayo yameamuliwa juu yangu, wanataka kitu chao kinachoshikana na malipo yao. Ila mi huwa naifungua nijifunze. Ilianza 1999 kule New Zealand, maktaba za Horowhenua zilikuwa na mfumo wa zamani usioweza kuvuka mwaka 2000, wakatengenezewa mpya na mwanzoni mwa 2000 ukaanza kazi, wakautoa bure kwa dunia nzima, na jina lenyewe koha ni Kimaori, maana yake zawadi. Nikaenda upande wa kurudisha vitabu. Na pale, chini ya sehemu ya kuskani barkodi, kuna kisanduku kidogo cha kutiki: samehe faini ya kuchelewa. Kipo hapohapo kaunta, kwenye mkono wa anayepokea kitabu. Mtu mmoja mahali fulani aliulizwa swali lilelile la huyu mama wa kaunta, akageuka, akasikiliza.

Niliumia upya.

Halafu nikafungua zile picha nilizopiga siku ya kwanza, kurasa 14 za daftari la kuazimisha. Nilikuwa nimezitolea orodha ya safu sita: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya nakala, tarehe ya kurudisha, sahihi. Nikaikuza picha kwa vidole. Kulia kabisa, nje ya mstari wa mwisho, pale pasipo na kichwa cha habari, kuna wino mwekundu. Siku ile niliuona nikadhani ni alama za kuhakiki. Nikasogeza taa. Limeandikwa neno moja, mwandiko mdogo wa kulala: kaeleza. Mstari wa tatu chini yake: kaeleza. Ukurasa wa pili: kaeleza, kaeleza, halafu moja imekatwa kwa mstari mmoja na juu yake imeandikwa kalipa.

Nikazihesabu. Ziko 31 kwenye kurasa 14.

Yaani safu ya saba ilikuwepo. Haikuwa na jina tu, na mi kwa sababu haina jina sikuihesabu kuwa ni safu. Sijui niseme nini lakini nilikaa kitandani saa saba usiku natabasamu peke yangu, maana kumbe lile swali halikuwa ombi la huruma, lilikuwa hitaji kabisa, lenye kumbukumbu, limeandikwa kwa mkono miaka na miaka na linafanya kazi.

Ijumaa nikaomba ruhusa nikarudi peke yangu. Bila projekta. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa Jumanne, akanipungia mkono kama anafukuza nzi, akasema kaa. Akanivutia stuli upande wake, nyuma ya kaunta, mahali ambapo sikuwahi kukaa siku zote nimeenda pale.

Saa tano hivi akaja kijana na kitabu kimevimba. Si mnajua karatasi ikilowa ikaanikwa inavyokuwa, kurasa zinakataa kulala. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua katikati, akakinusa. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kurasa kuona kama gundi imeachia. Akamwangalia kijana. Kijana akainama kwenye kaunta akaongea chini kwa chini, mi niko mita moja na sikusikia kitu, na mama hakusema "ongeza sauti." Akaitikia mara mbili. Akachukua bic, akaandika kaeleza, akakiweka kitabu chini ya madaftari mazito mawili kinyooke. Kijana akaenda zake. Dakika tatu hazikufika.

Nikamuuliza, "Unasameheje mama?"

Na akanielezea! Kumbe ana sheria zake, zimenyooka kuliko namba 27 yangu. Mtu mmoja hasamehewi mara mbili ndani ya semista moja. Nakala ambayo kuna mwenzake kaiwekea oda haisamehewi hata uje na barua ya daktari, kwasababu kuna mtu mwingine umemuumiza. Kitabu kisiporudi hakuna kusamehe, kwanza kirudi. Walimu hawasamehewi. Na wiki ile ya mvua kubwa barabara ikikatika husamehe wote waliokuwa ng'ambo bila kuwauliza mmojammoja. Nimeandika mpaka mkono umeuma, hayo ni mahitaji matano, yote yanapimika, na hilo la mwisho sikuwa nalo hata kwa mbali, msamaha wa kundi zima kwa tarehe fulani mpaka fulani.

Nikaona tuweke na sehemu ya sababu, mtu ajaze kwanini kasamehe. Nikaona ndo nimepatia, mhasibu ataridhika. Mama akakataa kabla sijamaliza sentensi.

"Hapana. Aliyonieleza si ya kompyuta."

"Lakini wakaguzi mama..."

"Wakaguzi waandikiwe jina langu. Mimi ndo nimesamehe, jina langu likae hapo, na tarehe, na ilikuwa shilingi ngapi. Ila wa kwanza kaniambia mimba, wa pili kaniambia baba yake kafungwa. Nani anataka kusoma hayo mwaka kesho?"

Nikafikiria kimyakimya nikaona yuko sawa hata kisheria, ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka usikusanye cha mtu zaidi ya unachokihitaji, na habari za afya ya mtu ndo kabisa inaziweka kwenye zile nyeti. Miaka 22 mama anaandika neno moja tu na neno hilo linatosha, linasema mtu alisikilizwa, halisemi alisema nini. Kwahiyo namba 27 sasa ina watoto, 27a mpaka 27f. Kwenye 27b kuna kitufe, na nimewaandikia madevelopa kabisa kwamba kitufe kiandikwe Kaeleza. Si "samehe", si "futa faini." Kaeleza. Nyuma yake jina la aliyesikiliza, tarehe na kiasi, na kila mwisho wa mwezi ripoti inaenda kwa mhasibu yenye jumla. Sehemu ya sababu haipo na nimeandika kwamba isiongezwe.

Kesho nawasilisha. Mhasibu anaweza kukaza, na nimejiandaa. Chicago walifuta faini za kuchelewa kwenye maktaba zao zote za umma mwaka 2019 na hawajafilisika, ila sitaanza na Chicago, nitaanza na ile kurasa ya kwanza, nimeichapisha kwa rangi ili wino mwekundu uonekane. Na safari hii naomba mama akae mbele.

Wakati naondoka Ijumaa alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Akasema, "Haya mwanangu. Msalimie mama." Nimeiweka hii haya sambamba na ile ya Jumanne nikazipima usiku kucha, na hii ilikuwa na mwanangu nyuma yake.

Salamu sijazifikisha bado. Mama yangu alikuwa hapa kwa ajili ya mahari, jana nyumba imejaa watu hata kukaa naye sikukaa, na leo saa tano asubuhi kapanda basi la kurudi Tanga. Alisema akifika Segera atanipigia. Sa hizi inakaribia saa nne usiku. Simu yake haipatikani, na ndiyo, betri yake najua ilivyo, haikai hata nusu siku. Dada kaenda stendi tangu saa moja jioni, kanitumia meseji basi halijaingia, afu naye kanyamaza.